Mume ameambiwa apunguze sukari na chumvi: nipike sufuria mbili?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Mwezi uliopita mume wangu alipimwa, presha ikawa 148/94 na sukari kabla ya kula 6.4. Hajapewa dawa. Ameambiwa abadilishe chakula, arudi baada ya miezi mitatu. Jirani ananishauri ninunue oti za pakiti, mafuta ya zeituni, mkate wa brauni, na asali badala ya sukari, lakini bei zake siziwezi. Tuko sita. Kwa wiki tunamaliza sukari kilo 2 na mafuta lita 2, na pakiti ya chumvi ya nusu kilo inakwisha kwa wiki mbili. Asubuhi ni chai na maandazi au chapati. Mchana na usiku ni ugali wa sembe au wali wa nazi, samaki wa kukaanga, maharage, mchicha. Je, nimpikie chakula chake peke yake? Na nibadilishe nini ambacho nitaweza kuendelea nacho?

JIBU: Dada yangu, usipike sufuria mbili. Chakula kinachomfaa mumeo ndicho kinachowafaa watoto wako na wewe mwenyewe. Ukimtenga, yeye ale mboga za kuchemsha huku wengine wanakula chapati, atachoka, nawe utachoka kabla yake, na mwezi hautaisha mpango ukiwa hai. Pika chungu kimoja, lakini ubadilishe kinachoingia humo na kinachopakuliwa.

Kwanza tuzisome hizo namba. Sukari ya kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, mwili umeanza kuzidiwa katika kuisimamia sukari, ila bado haujafika kwenye kisukari, ambacho huhesabiwa kuanzia 7.0. Presha nayo huitwa ya juu ikifika 140/90 na kubaki hapo inapopimwa tena na tena. Kwa hiyo mumeo yuko mahali ambapo chakula, kutembea na kupunguza uzito kama umezidi vinaweza kuleta tofauti kubwa. Daktari amempa nafasi, na miezi mitatu inatosha kuonyesha mabadiliko.

Umefanya jambo la maana sana kuniandikia vipimo vya jikoni, kwa sababu jibu lako limo humo. Chukua sukari. Kilo 2 kwa wiki, kwa watu sita, ni karibu gramu 48 kwa kila mmoja kila siku. Kijiko kidogo cha chai kina gramu 4 hivi, basi ni kama vijiko 12 kwa kila kichwa, hata yule mtoto wa mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na kwamba ingefaa zaidi iwe chini ya 25. Nyinyi mmeshafika karibu na dari kwa chai na maandazi tu, na soda, biskuti na juisi za nje ya nyumba bado hazijahesabiwa.

Ndiyo maana nakuomba uanzie kwenye chupa ya chai. Oti za jirani ziache dukani. Kama wewe ndiye unayetia sukari moja kwa moja kwenye chupa au sufuria, hesabu vijiko unavyotia leo. Wiki ijayo punguza robo. Wiki inayofuata punguza tena, polepole, mpaka mfike nusu, kisha chini ya nusu. Ulimi huzoea, lakini unahitaji muda. Ukikata yote siku moja, watu watajitilia vikombeni na hesabu yako itapotea. Wakati unapunguza, zidisha tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai. Chai yenye harufu nzuri hailalamikiwi sana hata ikiwa na sukari kidogo. Lengo lako la kwanza liwe kilo moja kwa wiki kwa nyumba nzima. Hapo kila mmoja atakuwa amefika gramu 24.

Kuhusu asali, naelewa inakotoka imani hiyo, lakini kwa mtu ambaye sukari yake imepanda, asali ni sukari. Sukari guru pia ni sukari. Usitoe hela ya mboga ukanunulie asali. Na mkate wa brauni usiununue kwa rangi yake, maana mingine hutiwa rangi tu. Soma karatasi yake, na kama unga wa kwanza kutajwa ni wa ngano iliyokobolewa, huo ni mkate mweupe uliopakwa. Mafuta ya zeituni ni mazuri, lakini hayana kitu ambacho nyumba yako itakosa ikiyakosa. Nitarudi kwenye mafuta.

Sasa hayo maandazi. Wewe uko Tanga, na nakuonea fahari, kwa sababu vitafunio bora vya asubuhi mnavyo sokoni: muhogo, magimbi, viazi vikuu, viazi vitamu. Chemsha badala ya kukaanga, na mumeo ale vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, asimalize sahani. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vile wengi wanavyoviita viazi lishe, ukivipata vichukue kwa ajili ya watoto. Vina vitamini A nyingi kuliko vile vyeupe. Lakini muhogo na chai peke yake havishibishi kwa muda mrefu. Saa nne mtu ana njaa anatafuta andazi. Weka pembeni kitu chenye protini: yai la kuchemsha, kikombe cha mtindi usio na sukari, au mbaazi.

Mbaazi nazisema kwa mkazo. Mtu wa pwani akisikia mbaazi anawaza mahamri, na mahamri ndiyo yanayoharibu hesabu, kwa sababu yana unga mweupe, sukari na mafuta ya kukaangia kwa pamoja. Mbaazi zenyewe ni chakula cha thamani: zina protini, zina nyuzinyuzi, na hupandisha sukari ya damu taratibu. Zipike kwa tui jepesi lile la kukamua mara ya pili, kitunguu, nyanya, binzari na pilipili mbuzi, uzile na muhogo wa kuchemsha. Mahamri yaacheni kwa siku ya wageni au mara moja kwa wiki, moja moja, bila kugombana.

Chapati nazo hazihitaji kufukuzwa. Changanya nusu unga wa atta na nusu ule mweupe, ukande na maji ya uvuguvugu pamoja na boga au kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa. Zinatoka laini hata kwa mafuta kidogo. Paka mafuta kwa brashi au kijiko kimoja kwa kila mbili, usiyamimine juu ya chuma. Moja kwa mtu.

Twende kwenye ugali, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wangu wengi wanapotea njia. Wameambiwa "kula dona", wakaelewa kwamba dona haina hesabu. Dona ni bora kuliko sembe, hilo ni kweli: mahindi yakikobolewa hupoteza ganda na kiini cha mbegu, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, chuma na zinki kwa wingi. Lakini wanga wa dona bado ni wanga. Mlima wa ugali wa dona utapandisha sukari ya mumeo karibu sawa na mlima wa sembe. Ugali wa muhogo ndio kabisa usiuchukue kama dawa. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni ndogo mno. Mtama na ulezi ni nzuri, na mkipenda changanyeni, ila kipimo hakibadiliki: ugali wa ukubwa wa ngumi yake iliyofumbwa, kwa mlo mmoja.

Watoto wakiikataa dona, usiwapige vita. Anza na sehemu tatu za sembe kwa moja ya dona. Baada ya wiki kadhaa nenda nusu kwa nusu. Dona huharibika upesi kuliko sembe kwa sababu mafuta ya kiini yamo ndani na huchacha, hivyo saga ya wiki mbili tu na uifunike mahali pakavu. Na tafadhali, kabla ya kupeleka mahindi mashineni, yatandaze kwenye ungo uchague: punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu zitupe, usiwape hata kuku. Ukungu wa mahindi hutoa sumukuvu, na kuchemsha au kusonga hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na Kenya ilipata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004. Karanga nazo zichague vivyo hivyo. Iliyosinyaa, yenye rangi isiyo yake au chungu mdomoni, itupwe.

Wali wa nazi. Najua ninazungumza na mtu wa Tanga, na sitakuambia uache nazi. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda, ambayo kwa mtu mwenye presha ni vizuri ayapunguze ili kulinda mishipa ya moyo. Basi fanya hivi: nazi iwe mara mbili kwa wiki, na siku ya wali wa nazi, maharage na mboga visitiwe tui. Kinachotokea nyumba nyingi ni kwamba wali una tui, maharage yana tui, kisamvu kina tui, na samaki amekaangwa. Chagua chungu kimoja kipewe nazi siku hiyo. Siku nyingine pika wali wa choroko: chemsha kikombe kimoja cha choroko mpaka zikaribie kuiva, tia vikombe viwili vya mchele, kitunguu kilichokatwa, chumvi kidogo, upike pamoja mpaka maji yakauke. Mchele umepungua, protini imeongezeka, na watu wanashiba haraka.

Mafuta. Lita 2 kwa wiki kwa watu sita ni zaidi ya vijiko vitatu vya mezani kwa kila mmoja kila siku, karibu kalori 400 kwa mafuta peke yake. Ukifika lita moja umefanya kazi kubwa, na hela iliyobaki inunue mayai au dagaa. Njia ni moja: acha kumimina kutoka kwenye chupa, tumia kijiko. Vijiko viwili vya mezani vinatosha mchuzi wa watu sita. Kitunguu kikianza kushika, ongeza maji vijiko viwili vitatu badala ya mafuta. Kitaiva na kitalainika. Nyanya zifuate, uzifunike mpaka ziwe rojo, ndipo utie kinachofuata. Kama unanunua ya kupima dukani, mengi ni ya mawese, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda. Alizeti ni bora zaidi, na yanakamuliwa hapa hapa nchini, Singida na Dodoma. Ukitumia nusu ya kiasi cha zamani, alizeti haitakuvunja mfuko. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki mara mbili na kuwa meusi, usiyarudishe jikoni.

Samaki ndiyo nguvu yenu. Kibua, anayedharauliwa kwa sababu ni wa bei ya chini, ana mafuta mazuri ya samaki yanayousaidia moyo. Mpasue, mpake kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili na ukwaju, mchome juu ya mkaa wa taratibu asiungue. Au mtie kwenye mchuzi wa nyanya na bamia bila kumkaanga kwanza. Dagaa wadogo wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi, na kwa watoto wanaokua sijui kitoweo kingine cha bei hiyo kinachowashinda. Waloweke kwa maji ya uvuguvugu, uwaoshe mpaka mchanga uishe, uwapike na nyanya na kitunguu vya kutosha. Ng'onda na papa mkavu ni suala lingine: wana chumvi nyingi mno kwa mwenye presha. Ukiwapika, waloweke usiku kucha, ubadilishe maji, na chungu kisitiwe chumvi tena. Lakini kwa miezi hii mitatu ningewaweka kando.

Na tukiwa kwenye chumvi: nusu kilo kwa wiki mbili ni karibu gramu 6 kwa kila mtu kwa siku, na hapo tumewahesabu watoto sawa na mumeo, jambo ambalo si kweli, kwa sababu yeye anakula zaidi yao. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja cha kusawazisha, kwa vyakula vyote vya siku. Mkate una chumvi yake. Vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Viondoe kabisa jikoni, na hilo nalisema bila kulainisha. Mahali pake weka kitunguu saumu kilichotwangwa na chumvi kidogo, binzari nyembamba, giligilani, pilipili manga, na ndimu inayokamuliwa mwishoni chakula kikishuka. Ndimu ndiyo itakayokuokoa, maana ukali wake hufanya ulimi usiitafute chumvi. Kidau cha chumvi kitoke mezani. Endelea kununua chumvi yenye madini joto, watoto wanaihitaji. Ukikuta dukani chumvi ya badala inayouzwa kwa wenye presha, iliyotengenezwa kwa potasiamu, usiinunue kabla ya kumuuliza daktari. Kwa mtu mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za presha inaweza kuwa hatari.

Maharage yako yaendelee. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, upike kwa maji mapya; tumbo halitajaa gesi sana na mkaa utapungua. Magadi usitie, wala kwenye maharage wala kwenye mlenda au kisamvu, kwa kuwa yanaua vitamini na yanaongeza sodiamu ileile tunayoikimbia kwenye chumvi.

Mboga za majani ndizo zitakazobadilisha sahani yenyewe. Nyumba nyingi mboga ni kijiko kimoja pembeni ya ugali, kwa sababu fungu ni dogo na likipikwa linanywea. Kiasi kinachoshauriwa ni gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kila siku. Watoto wanahitaji pungufu kidogo, lakini kwa nyumba ya sita bado tunasema kilo 2 na ushee. Kwa hiyo zidisha mafungu: ulikuwa unanunua mawili ya mchicha, nunua manne, uchanganye na matembele, majani ya maboga, mnafu au chochote kilicho rahisi siku hiyo. Osha kabla ya kukata. Kaanga kitunguu kwa kijiko cha mafuta, tia nyanya, kisha mboga, funika dakika tatu au nne, ipua ikiwa bado kijani. Usikamue maji yake ukayamwaga. Siku moja moja tia karanga zilizosagwa, siku hiyo usitie mafuta. Kisamvu pekee ndicho kisichopikwa haraka: kitwange vizuri, ukichemshe muda mrefu bila kufunika, kwa sababu kibichi kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa.

Halafu badilisha utaratibu wa kupakua. Kwa kawaida ugali unatangulia na vingine vinatafuta nafasi. Wewe anza na mboga, zijaze nusu ya sahani ya mumeo. Robo weka samaki, maharage au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Kama mnakula sinia moja, mpakulie yeye mboga kwenye bakuli lake na umkatie ugali wake pembeni. Ni vigumu sana mtu kujipimia kwenye sinia. Akiomba kuongeza, aongeze mboga na maharage. Mwanzoni atasema hajashiba. Mpe dakika ishirini na maji ya kunywa kabla ya kumwongezea ugali.

Matunda: mmezungukwa na machungwa ya Muheza, basi yaleni, msiyakamue. Chungwa zima lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari yake. Glasi ya juisi imekula machungwa matatu au manne na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Chungwa moja baada ya mlo wa maharage lina kazi nyingine pia, kwani vitamini C yake husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharage na mchicha. Chai ya papo hapo baada ya chakula hufanya kinyume, hivyo isubirishe saa moja, hasa kwa wewe na binti zako kama unao.

Hujaniambia mumeo anakula wapi mchana siku za kazi, na mchana huo unaweza kuvuruga yote tuliyopanga. Kama anakula kwa mama ntilie, aagize wali nusu, maharage kamili na mboga mara mbili. Wengi wa wauzaji hukubali ukiwazoesha. Samaki wa mchuzi awe kabla ya samaki wa kukaanga. Chipsi mayai zisubiri. Soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko vidogo 8, hivyo akinywa moja kila mchana, kazi yote uliyofanya kwenye chupa ya chai imerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mfungie chungwa na chupa ya maji. Na kama anaweza kutembea nusu saa akitoka kazini, siku nyingi za wiki, hilo litashusha sukari na presha pamoja na chakula chako.

Usifanye yote kwa mpigo. Mwezi wa kwanza shughulika na sukari ya chai, vidonge vya mchuzi na nusu sahani ya mboga. Mwezi wa pili ongeza dona na kijiko cha mafuta. Mwezi wa tatu tazameni asubuhi na chakula cha nje. Presha apimwe walau mara moja kwa wiki, akiwa amekaa na kupumzika dakika tano, na muandike kwenye daftari aende nalo kwa daktari. Asisubiri miezi mitatu kama presha imefika 180/110, au akipata maumivu ya kifua, kuona ukungu, kichwa kikali, kuishiwa nguvu upande mmoja, au kiu na mkojo usio wa kawaida. Mumpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na siku ya kurudi, aombe kipimo cha sukari ya wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kama hospitali yenu inacho. Kipimo hicho kitawaonyesha mlivyokula kwa kipindi chote, kuliko kile cha asubuhi moja.